ETI NIFUGE PAKA! Yule mama wa ustawi wa jamii leo kavuka mpaka

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nimetoka pale ofisini kwao sasa hivi. Yule mama mnamjua, wa miwani ya kuning'inia shingoni. Aliyewahi kuomba kuasili mtoto, yaani awe wake kisheria, lazima kapita mikononi mwake.

Nimekaa kwenye lile benchi tangu mbuyu haujawa hata mchicha. Jalada langu limekamilika: cheti cha tabia njema, majibu ya daktari, barua za wadhamini, uthibitisho wa kipato, picha za nyumba. Analipekua kwa ncha ya kalamu kama anageuza mende aliyekufa! Kafika kwenye picha ya kitanda cha mtoto, shuka la njano nimelitandika mwenyewe, kalamu ikatua juu yake. "Mume yuko wapi?" Nikamjibu sina, naomba peke yangu, na sheria hainikatazi. Akavua miwani. Akasema kwa sauti ya kumfikia mlinzi getini: "Dada, kama ni upweke, fuga paka."

Paka! Foleni nzima ikageuka. Hata kichanga kilichokuwa kinalia kikanyamaza kisikilize.

Miezi 14 nahangaika. Najua watakuja kukagua nyumbani, nimeshapaka rangi. Najua nitakaa na mtoto kwa uangalizi kwanza ndipo mahakama itoe amri. Niulize mshahara, niulize maradhi, waulize majirani kama nina ugomvi, sinuni. Ila ile kalamu juu ya lile shuka, halafu PAKA?

Kidole Juu: Pole dada. Mimi aliniambia nimezeeka. Nina miaka 47! Katoa kikokotoo, kapiga hesabu, eti mtoto akimaliza shule mimi nishaoza.

Mpiga Mluzi: Hahaha, na huyo paka naye anataka wadhamini?

Wakili wa Benchini: Mleta uzi punguza jazba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 21: kwenye kuasili, maslahi ya mtoto ndiyo yanatangulia. Kukuhoji ni kazi yake.

Mleta uzi: Nani kakataa kuhojiwa? Soma tena. PAKA. Mbele ya watu.

Mama Wawili: Afadhali wewe umeumizwa mlangoni. Mimi nililea mtoto kwa malezi ya kambo, yaani unakabidhiwa umlee tu kwa muda, miaka miwili, ameshazoea kuniita mama, akaibuka baba yake mdogo akamchukua. Kambo siyo kuasili jamani. Bila amri ya mahakama wewe ni mlezi tu.

Kidole Juu: Hilo walikwambia lini?

Mama Wawili: Siku anaondoka. Kiatu chake kimoja kilibaki uvunguni, bado ninacho.

Mleta uzi: Dah, pole sana dada yangu. Na aliyekusimamia ni huyu huyu wa miwani?

Nakala Tatu: Mbona hamsemi habari ya fotokopi? Kila karatasi nakala tatu, zigongwe muhuri, na mashine yao mbovu miaka nenda rudi!

Mpiga Mluzi: Ile mashine ilitafuna cheti changu cha ndoa. Kikatoka vipande vipande.

Nakala Tatu: Na yule kijana wake anakwambia "subiri ipoe". Ipoe mpaka lini?

Kidole Juu: Yule kijana! Huyo afunguliwe uzi wake, leo leo.