Dipankara ni nani katika dini ya Kibuddha?

Msaka_Historia: Wakuu, naomba kueleweshwa. Nimeona picha ya mchongo wa jiwe kutoka Gandhara, upande wa Pakistan ya leo. Kijana kalala kifudifudi, nywele kazitandaza miguuni pa Buddha. Maelezo yanasema huyo Buddha ni Dipankara. Mimi nilimjua Gautama tu, mwanzilishi wa dini hiyo. Huyu katokea wapi?

Mpwani_Doha: Huyo kijana ndiye Gautama, ndugu yangu, katika maisha yake ya zamani mno. Huku Doha nakaa chumba kimoja na Mnewari (mtu wa jamii ya wenyeji wa Bonde la Kathmandu, Nepal), na kisa hiki kwao ni cha tangu utotoni.

Wakati huo aliitwa Sumedha. Alirithi mali nyingi, akaigawa yote, akaenda kuishi milimani kama mtawa. Siku moja akawakuta watu wanatengeneza barabara kwa sababu Dipankara, Buddha wa enzi hiyo (yaani aliyeamka na kuujua ukweli), anapita. Akaomba apewe kipande chake. Kabla hajakimaliza, mgeni huyo akafika na matope bado yapo! Sumedha akafungua nywele, akajilaza topeni ili Buddha apite juu yake.

Linalonigusa mimi ni hili: siku ileile angeweza kufikia ukombozi wake, asizaliwe tena. Akakataa kuvuka peke yake na kuwaacha wengine ng'ambo. Dipankara akasimama kichwani pake, akatabiri kwamba baada ya enzi na enzi atakuwa Buddha aitwaye Gautama. Ukiruka kisa hiki, habari za Gautama unazianzia katikati.

Hebu itazame tena picha yako. Michongo mingi ya Gandhara ina maua yanayoelea kuzunguka kichwa cha Dipankara. Kijana ndiye aliyeyarusha, yakagoma kuanguka.

Mama_Vitabu: Nyongeza kidogo. Buddhavamsa, kitabu cha kale cha Kibuddha, inasimulia Mabuddha 24 waliomtangulia Gautama, ikianza na Dipankara. Na kuwaenzi hao ni jambo la kale: nguzo ya Ashoka, mfalme wa India ya kale, iliyoko Nigali Sagar, Nepal, ya karne ya 3 KK, inasema mfalme alipanua stupa (jengo la ukumbusho la Kibuddha) ya Konakamana, mmoja wa Mabuddha hao, ikawa mara mbili.

Msaka_Historia: Asanteni sana. Kwa hiyo Dipankara bado anaadhimishwa?

Mpwani_Doha: Sana tu! Kathmandu wana sikukuu ya Samyak, kila baada ya miaka 12. Sanamu za Dipankara ni kubwa kuliko mtu, na ndani zina uwazi; mtu huingia humo, akaibeba na kutembea nayo. Ni sikukuu ya kutoa sadaka, na wanaopokea ni watu wa koo za Shakya na Bajracharya, koo za kidini za Wanewari Wabuddha.