Naombeni ushauri: nimeandikiwa faini kwa taa moja ya breki

Wakuu, habari zenu. Juzi usiku trafiki alinisimamisha, akasema taa ya breki ya kushoto haiwaki. Sikuwa na habari kabisa, ukiwa kwenye usukani taa za nyuma huzioni. Nikashuka, abiria wangu akakanyaga breki: kulia nyekundu, kushoto haibadiliki. Nikaandikiwa faini papo hapo.

Asubuhi nikaifungua taa. Balbu ni ile ya nyuzi mbili, mmoja wa taa ndogo na mwingine wa breki. Wa breki umekatika na kioo kimeingia weusi. Ndiyo maana taa ndogo ilikuwa inawaka na mimi nikaridhika. Nimeshabadilisha, kazi ya dakika 10. Risiti ninayo, na balbu mbovu nimeitunza.

Sasa nilipe tu yaishe, au nipeleke gari likaguliwe niombe wanifutie? Nasikia kuna sehemu wanakubali ukirekebisha mapema. Karatasi yangu ina kosa na tarehe ya mwisho ya kulipa, basi. Kinachoninyima usingizi ni rekodi ya leseni, maana udereva ndiyo kazi yangu. Aliyewahi kupitia hili alianzia wapi?