Harley Reid: kipaji kipo, pumzi je?

Wakuu, kila nikikaa na Waswahili wenzangu hapa Perth, iwe msibani au kwenye sherehe ya mtoto, mwisho wa siku tunarudi kwa huyu kijana wa West Coast Eagles, timu yetu ya futiboli ya Australia. Kuna wanaosema Harley Reid ni mchezaji wa aina ambayo huja mara moja moja sana, kwa hiyo tutulie tu, muda utasema. Wengine wanasema ni sifa za magazeti: misimu miwili ya mwanzo uwanjani, na katika ule wa pili, 2025, timu yake ilishinda mechi 1 tu kati ya 23. Juzi ndugu yangu mmoja alinitazama usoni akaniuliza, "Sasa huyo nyota wenu kawasaidia nini?"

Nimeamua kuuleta mjadala hapa tuujadili vizuri, maana naona pande zote mbili zinakosea, na zinakosea kwa kitu kilekile. Zinamtazama akiwa na mpira. Mimi naomba tumtazame akiwa hana.

Kwa wale ambao futiboli ya Australia bado ni ngeni kwao, niseme machache. Kila upande unaingia na watu 18. Uwanja ni wa duara lililorefuka, na mwingi unazidi mita 150 kutoka goli hadi goli, kwa hiyo usiupime kwa macho ya kandanda. Mpira una ncha mbili. Unaupiga kwa mguu, au unaushika kiganjani na kuugonga kwa ngumi kumpa mwenzako. Ukitaka kukimbia nao lazima uudundishe au uuguse chini kila baada ya mita 15 hivi. Ukiupitisha kati ya nguzo mbili ndefu kwa mguu unapata pointi 6, ukipita pembeni pointi 1. Hakuna kuotea. Robo ni nne, na kwa kuwa saa inasimama mara kwa mara, kila robo inakaribia nusu saa. Kiungo wa kati anaweza kumaliza mechi moja amekimbia kilomita 13 au zaidi, huku akigongwa mabega njia nzima. Hizo kilomita zishikeni, nitazirudia.

Reid alizaliwa mwaka 2005 na kukulia Tongala, mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa jimbo la Victoria. Novemba 2023 West Coast walimchukua kwa chaguo namba 1 la drafti, yaani ule utaratibu wa kugawa vijana wapya ambapo timu iliyoburuta mkia ndiyo inayoanza kuchagua. Na mkia waliuburuta kwelikweli: mwaka huo walishinda mechi 3, na kule Sydney walifungwa kwa tofauti ya pointi 171. Klabu nyingine zilimezea mate lile chaguo. Wakapewa mapendekezo ya kubadilishana, wakakataa. Kijana akapewa jezi namba 9, iliyowahi kuvaliwa na Ben Cousins, mshindi wa medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi, ya mwaka 2005. Alikuwa na miaka 18 tu na tayari mabegani pana mzigo huo.

Sasa tuje kwenye kipaji. Anayesema hakipo, namwomba atafute mechi ya Mei 2024 dhidi ya Melbourne, pale Optus Stadium. Mpira unarushwa katikati ya uwanja, unamfikia Reid amezungukwa. Mkabaji anamjia kwa ubavu. Reid anahamishia mpira mkono mmoja, ule mwingine anaunyoosha, anamweka jamaa kiganja na kumsogeza pembeni, huku miguu haijapunguza hata hatua. Anatoka mbio, anafika umbali wa kupiga, anapiga, goli. Uwanja unachukua watu kama 60,000, na siku ya mechi ukikaa pale utasikia kitu ambacho televisheni haikipi haki yake: Reid akiwa bado hajaugusa mpira, akiusogelea tu, watu wanaanza kunyanyuka kwenye viti. Sauti inapanda kabla ya tukio. Wachezaji wanaofanyiwa hivyo Australia nzima ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kile kiganja ndicho kilichomletea mfano wa Dustin Martin, nyota wa klabu ya Richmond. Na mfano una mashiko, kwa sababu wote wawili wamepitia timu moja ya vijana, Bendigo Pioneers, na wote ni watu wa miji midogo ya Victoria, wenye vifua vya wabeba magunia na miguu ya wakimbiaji. Martin alistaafu mwaka 2024, mwaka uleule Reid alioanza, akiwa na mataji matatu na Richmond na medali tatu za Norm Smith, ile ya mchezaji bora wa fainali kuu. Hakuna mwingine aliyefikisha tatu.

Lakini ndugu zangu, wanaoutumia mfano huu wanaruka kipande kirefu cha habari. Martin alianza mwaka 2010. Msimu wake wa kwanza Richmond walipoteza mechi 9 za mwanzo mfululizo. Taji la kwanza alilipata 2017. Hiyo ni misimu minane! Kama mashabiki wa Richmond wangekuwa na haraka kama yetu, mwaka 2012 wangekuwa wameshamwita mzigo. Kwa hiyo anayesema Reid ni Martin mpya akubali pia kusubiri kama walivyosubiri wenzake. Asiyetaka kusubiri asiulete mfano.

Haya, sasa pumzi.

Mimi nikiwa uwanjani nina tabia moja ambayo mke wangu ameshaizoea: nachagua robo moja, namwangalia Reid peke yake, mpira uende utakako. Nikiri kwamba ndipo imani yangu ilipoanza kuingia maswali. Akiwa ndani ya mita kumi za mpira anachemka. Anaingia palipo na miguu na viwiko, anaufukua, anatoka nao. Shida inakuja mpira ukitoka upande wa wapinzani na kuanza kwenda kwa kasi kwenye goli letu. Pale kiungo anatakiwa ageuke na kukimbia mita 60 au 70 kurudi, bila mpira, bila makofi ya mtu, kumfuata yule aliyekuwa naye. Mara nyingine Reid anageuka na kwenda. Mara nyingine hatua tatu za mwanzo hazipo, na hatua tatu ukizikosa mwanzoni huzipati tena. Mtu wake anapokea mpira akiwa peke yake, na beki wetu analazimika kumwacha wake ili akazibe. Kwenye takwimu kosa linaandikwa kwa beki.

Hapa ndipo nasema pande zote zinakosea. Anayemsifu anahesabu zile mbio za goli. Anayemponda anahesabu matokeo ya timu. Kazi yenyewe ya kiungo iko katikati, kwenye zile mita 70 za kurudi, na hizo ndizo zitakazoamua kama tutakuwa na nyota wa video fupi au mchezaji wa kushika mechi.

Nasema haya kwa kumpenda. Pumzi ni kitu kinachojengwa. Nguvu ile ya kiunoni, jicho la kuona upenyo, ujasiri wa kuingia kwenye kundi la watu wazima ukiwa na miaka 18, hivyo hakuna mwalimu anayekupa. Mita za kurudi zinatengenezwa kwa kiangazi kimoja baada ya kingine, kwenye joto la Januari la Perth, ambalo sisi tunaolifanyia kazi za nje tunalijua.

Mjumbe mmoja kaniambia, "Mbona Nick Daicos alianza na moto na hajazimika?" Kweli kabisa. Daicos alichukua tuzo ya Rising Star, ile ya kijana bora wa msimu, mwaka 2022, mwaka uliofuata akawa bingwa na Collingwood. Lakini tazama alikoingia. Alikuta Scott Pendlebury na Steele Sidebottom, watu waliocheza na kushinda kila kitu, wakimwelekeza asimame wapi na akimbie lini. Reid aliingia West Coast mlango uleule ambao Nic Naitanui, Luke Shuey na Shannon Hurn walikuwa wametokea, kwa maana wote watatu waliaga mwaka 2023. Naitanui alikuwa ndiye mrukaji wa katikati, anayegombea mpira unapoanzishwa na kuushusha mikononi mwa viungo wake. Viungo wakipewa mpira mezani kazi ni nusu. Reid tangu aanze anaokota makombo. Simtetei kwenye kukimbia, hapo lawama ni yake. Ila mtu akiniambia "kawasaidia nini", namwuliza, na yeye kasaidiwa na nani?

Kuhusu ile adhabu ya mwaka 2024 sitakaa sana. Alimkaba Darcy Wilson wa St Kilda kwa kumzungusha na kumbwaga chini, akafungiwa mechi 2, na kwa kanuni za Rising Star mchezaji aliyefungiwa hawezi kushinda tuzo, ikaenda kwa Ollie Dempsey wa Geelong. Watu hapa walilia kwamba kaonewa. Mimi naona sawa. Vichwa vya watu vinaumia kwenye mchezo huu. Paddy McCartin, naye chaguo namba 1 la mwaka 2014, alisumbuliwa na mitikisiko ya ubongo hadi ikamlazimu kustaafu mapema. Kijana ajifunze kukaba bila kumvunja mtu.

Lipo jambo la tatu linalowanyima usingizi mashabiki wa Eagles, nalo ni kuondoka. Kutoka Perth hadi Melbourne ni kilomita kama 2,700 angani, na kwao Reid ni mbele kidogo. Wazee wa hapa bado wana kidonda cha Chris Judd: walimlea, akawapa taji la 2006 akiwa nahodha, mwisho wa 2007 akarudi Victoria kuchezea Carlton. Na Jason Horne-Francis, chaguo namba 1 la 2021, alikaa North Melbourne msimu mmoja tu akarudi kwao Australia Kusini, Port Adelaide. Kwa hiyo hofu si ya kipuuzi. Hata hivyo Reid mwaka 2025 aliongeza mkataba hadi 2028, na kwa umri wake, katika timu iliyokuwa ikipigwa kila wikiendi, hakulazimika kufanya hivyo. Tumpe heshima yake. Sisi wenyewe tulioacha kwetu tukiwa na miaka kama yake tunajua jioni za mwanzo zilivyokuwa ndefu.

Wengi wetu tuliingia kwenye mchezo huu kupitia vijana wanaotoka upande wetu wa dunia. Mimi nilianza kwa sababu ya Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya, aliyecheza Sydney kisha Port Adelaide na kuingia kikosi bora cha Australia mwaka 2021. Aliir hakuwa na kelele za magazeti akiwa na miaka 18. Alianza taratibu, akapoteza nafasi, akairudia. Kumtazama yeye kumenifundisha kutomhukumu mtu kwa misimu miwili.

Na kama mnataka ushahidi kutoka kwa hao wa namba 1 wenyewe, mchukueni Matt Rowell. Chaguo namba 1 la mwaka 2019, akaanza 2020 kwa kishindo, mechi ya tano bega likaachia. Miaka ikapita, watu wakasema kafikia mwisho wake. Gold Coast, timu yake iliyoingia ligi 2011, haikuwa imewahi kufika hatua ya mtoano hata mara moja. Mwaka 2025 ikafika, na Rowell akachukua Brownlow. Alichukua kwa kazi gani? Kwa kukaba. Kwa kuinama kwenye mpira, kuukosa, kuinuka na kumrudia mtu mara ya pili na ya tatu. Hana kiganja cha Reid, hana mbio zake. Mchanganye Reid na ile mara ya pili ya Rowell uniambie unapata nini.

Kwa upande wa pili yupo Jack Watts, chaguo namba 1 la 2008, aliyeingizwa kikosini kwenye mechi kubwa ya Melbourne na Collingwood mwaka 2009, na mpira wake wa kwanza tu akavamiwa na watu watatu. Hakuwa mchezaji mbaya hata kidogo, ila alicheza maisha yake yote akipimwa kwa namba ile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nanyi muupinge kwa hoja. Reid abaki kati, lakini asiachwe kati robo nzima. Aanze pale mpira unaporushwa, acheze dakika zake kwa moto, apumzike mbele ya goli ambako mabeki wanamhofia kwa mpira wa juu, halafu arudi. Richmond walimtumia Martin kwa kuchanganya hivyo hivyo kati na mbele. Na kila dakika anazokaa kati, kocha Andrew McQualter, ambaye alikuwa kwenye benchi la Richmond miaka ile ya mataji, amdai zile mbio za kurudi kabla hajamdai magoli.

Kuna kaka hapa kashikilia kwamba ahamishiwe mbele moja kwa moja, kati hapawezi. Nimekusikia, kaka. Ila nijibu kwanza: ukishamtoa Reid pale kati, nani atakayeingia kwenye lile rundo la viwiko na kutoka na mpira?