GRE: Nimekariri maneno 900 lakini maswali ya kujaza nafasi bado yananipiga chenga. Naombeni ushauri

Fundi Umeme wa Mafinga

Wakuu, heshima kwenu.

Najiandaa na GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, hasa Marekani. Pepa ni wiki sita zijazo. Hesabu hazinisumbui. Kimbembe ni Kiingereza, hasa yale maswali ya kujaza nafasi: sentensi ina pengo moja, mawili au matatu, chini umewekewa maneno uchague. Tangu Januari natengeneza vikadi vya manila, neno mbele, maana nyuma. Vimefika 900 na ushee. Mke wangu akichomoa chochote namjibu kabla hajamaliza kulitamka. Jana nimefanya jaribio la bure la ETS, hao wenye mtihani wenyewe, nimeambulia 147 kati ya 170. Na alama zinaanzia 130, siyo sifuri, kwa hiyo msije mkanipongeza.

Kinachoniuma ni kwamba maneno nayajua. Moja nililokosa, nikiligeuza kwa Kiswahili, lilikuwa hivi:

"Ripoti ile haikuwa ya ______ kama wapinzani walivyodai, mwandishi alijitahidi sana asimuudhi mtu yeyote."

Machaguo: timid, incendiary, verbose, lucid, derivative. Yote matano ninayo kwenye vikadi. Nikaweka timid, yaani ya woga. Nikakosa. Tatizo ni nini? Au niongeze vikadi vifike 2,000?

Bwana Msuli

Ongeza mkuu. Huo mtihani ni wa msamiati, hakuna njia ya mkato. Mimi nilimeza desa zima, nilikuwa naota maneno.

Dada wa Posta

Usiongeze hata kimoja. Neno lililokuangusha halimo kwenye machaguo, ni hilo "haikuwa". Uliona "asimuudhi mtu", kichwa kikaenda moja kwa moja kwenye woga, ukasahau sentensi imeanza kwa kukana. Wapinzani walidai ripoti ni ya namna fulani, mwandishi kumbe ni mpole. Basi walidai ni ya nini? Ya uchochezi. Incendiary.

Fanya hivi kwenye mazoezi: ziba machaguo. Mimi nilikuwa nabandika bahasha ya kaki kwenye skrini. Soma sentensi, kisha tia neno lako mwenyewe pengoni, hata la Kiswahili, hata la mtaani. Mimi hapo ningeandika "ya kuchokoza". Ndipo utoe bahasha utafute linalolingana na lako. Ukianza na machaguo, kila neno litakuita kama kondakta wa daladala na kila moja litaonekana linaenda kwenu.

Kisha winda vineno vinavyogeuza sentensi: although, despite, far from, hardly. Hicho cha mwisho kimetuua wengi. Tunakisoma kama "kwa bidii" kumbe ni "si sana" au "hata kidogo".

Jirani wa Eldoret

Naunga mkono. Sisi Wakenya kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, tunapewa kifungu chenye mapengo kumi, alama kumi, na hakuna chaguo hata moja. Neno unalitoa kichwani. Wakati ule niliona ni mateso. Nilipofika GRE nikagundua nafanya kitu kilekile, ila nimeongezewa mtego wa majibu.

Jambo jingine, hesabu ya kubahatisha, kwa kuwa wewe ni fundi. Pengo moja lina machaguo matano, basi ukipiga ramli una nafasi moja kati ya tano. Mapengo mawili, kila moja matatu: moja kati ya 9. Mapengo matatu: moja kati ya 27, na hakuna nusu maksi, ukikosa moja umekosa yote. Kwa hiyo lenye mapengo matatu likikugomea usiling'ang'anie. Sehemu ya kwanza ya Kiingereza ni maswali 12 kwa dakika 18, ya pili 15 kwa dakika 23, na humo mna vifungu vya kusoma pia. Weka jibu lolote, lipe alama ya kurudi, songa. Kukosa hakukatwi maksi. Na usilazimishe kuanza na pengo la kwanza. Anza na lile lenye ushahidi wa wazi, hata kama ni la mwisho.

Mchimba Mizizi

Mbona hamsemi mizizi ya maneno? Ukijua "piga" unajua pigo, kipigo, mpigaji. Kilatini ni hivyohivyo: mal ni ubaya, bene ni wema.

Dada wa Posta

Inasaidia, ila kwa tahadhari. Noisome haihusiani na kelele, ni kitu kinachonuka au kinachodhuru. Enervate haimtii mtu nguvu, inammaliza nguvu. Restive siye aliyepumzika, ni yule asiyetulia. Watunzi wa mtihani wanajua utachimba huo mzizi, wanakusubiri shimoni.

Fundi Umeme wa Mafinga

Aisee, nimejaribu bahasha. Maswali kumi nimepata saba, jana yangekuwa manne. Ila nimekutana na kituko: nimekosa moja kwa neno sanction. Mimi najua sanction ni vikwazo, redioni kila siku!

Jirani wa Eldoret

Karibu kwenye ukurasa wa pili wa kamusi. Sanction ni kuidhinisha pia. Qualify, mbali na kufuzu, ni kuiwekea kauli masharti isiwe kali sana. Want ni ukosefu. Flag ni kulegea. Neno jepesi likikaa kati ya magumu, lishuku.

Na kwenye yale ya machaguo sita unachagua mawili, usikimbilie maneno mawili yenye maana moja. Wanaweka pacha ambao hawaingii kwenye sentensi kabisa.

Bwana Msuli

Haya, lakini bila msamiati hiyo bahasha mtaifungua mkute giza. Asiyejua incendiary angefanyaje?

Dada wa Posta

Hapo nakupa haki yako. Vikadi asivitupe. Aandike upya nyuma yake: badala ya maana, sentensi nzima yenye pengo.

Fundi Umeme wa Mafinga

Mrejesho, wiki mbili baadaye. Nimefanya jaribio la pili la bure la ETS: 153. Vikadi 300 nimeshavigeuza. Mke wangu sasa ananisomea sentensi, akifika kwenye pengo anakohoa. Mtoto wetu wa chekechea naye ameshika, akiomba chakula anasema, "Mama, naomba..." kisha anakohoa.

Hardly nimeikosa tena, wakuu. Mara mbili.