Mjadala: Chakula kutoka nyumbani kipigwe marufuku Gombe?

Wadau wa Kigoma, salaam. Kuna wanaotaka kila mgeni anayekwenda Hifadhi ya Taifa Gombe apekuliwe mizigo pale Kibirizi kabla ya kupanda boti, asivuke na chakula chochote. Nia yao naielewa, ila siungi mkono. Chakula kuvuka hakuna shida. Shida ni kinaliwa wapi.

Nyani wa ufukweni Kasekela, mle hifadhini wanakoshukia wageni, hawaogopi mtu. Nimeshuhudia dume likitoka kwenye miti, likampita baba mtu, likaenda moja kwa moja kwa mtoto aliyeshika andazi. Mtoto akapiga yowe, andazi likaenda, watu wakacheka na kupiga picha. Kicheko kile kiliniudhi kuliko wizi wenyewe. Nyani yule ameshajua kwamba mtoto hana ubishi, na ana chonge za kuchana paja. Siku akimjeruhi mtu, atakayepigwa risasi ni yeye.

Kwa sokwe hatari ni kubwa zaidi, maana magonjwa yetu wanayapata. Mwaka 1966 polio iliua baadhi ya sokwe wa Gombe na kuwapooza wengine, hadi chanjo ikabidi ifichwe ndani ya ndizi. Mafua unayoyamaliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kumuua sokwe. Na kokwa ya embe uliyoinyonya ukaitupa njiani imejaa mate yako.

Kwa hiyo nasema: njiani kusiliwe kitu, hata pipi. Anayekula aingie ndani ya chumba kilichozibwa waya, na mabaki yote yarudi mjini. Sheria hiyo imbane mgeni, mtafiti na mkubwa wa serikali sawasawa.

Mchangiaji, Ujiji: Kaka, unakaza mno. Jane Goodall mwenyewe, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, aliwapa ndizi, na dunia ikawajua sokwe wetu. Mwananchi akiwapelekea ndizi mbili kuna ubaya gani?

Mleta mada: Ndugu yangu, historia hiyo isome mpaka mwisho. Mama Goodall alifika 1960, ndizi zikaanza kutolewa miaka michache baadaye. Sokwe wakarundikana kambini, wakawa wakali, wakagombana wao kwa wao na kugombana na nyani. Ndizi zikapunguzwa, hatimaye zikaachwa kabisa. Waliojaribu ndio walioacha, sasa sisi turudie kwa sababu gani?

Mchangiaji, Mwanga: Njiani tusile, hapo nakubali. Mimi ni mwalimu. Nikipeleka darasa zima na ugali wao na migebuka, hivyo vyumba vya waya vitatutosha?

Mleta mada: Havitawatosha, mwalimu, ila dawa si upekuzi wa Kibirizi. Chakula kikizuiwa pale, mwenye fedha ataagiza chakula hukohuko, mtoto wa Mwandiga atashinda njaa kwenye hifadhi ya mkoa wake. Sehemu ya viingilio ijenge banda kubwa la kulia, lizibwe waya pande zote, liwe na maji ya kunawa. Kabla halijajengwa, wanafunzi wangekula ndani ya boti, mbali kidogo na ufukwe, wanawe mikono ndipo washuke. Wenye boti mnaosoma hapa, mkiwa na darasa zima hilo linawezekana, au mawimbi yatatusumbua?