Umewahi kuisukuma halmashauri, tajiri au benki ifanye kitu kuhusu tabianchi? Watu wa Tanga tupeane uzoefu

Mwana Makorora: Wakuu, salaam. Leo nimepita pwani Mwambani nimekuta miche ya mikoko imesimama mchangani kama njiti za kiberiti, haina jani hata moja. Nimekumbuka siku ilipopandwa, na fulana niliyopewa, ambayo siku hizi naoshea pikipiki. Nani mwingine aliwahi kuwafuata wakubwa akawaomba wafanye kitu kuhusu hali ya hewa hii? Ulijibiwaje? Yangu nitaileta nikitoka kazini.

Mama Mwani: Usiniamshie machungu. Tulikuwa kina mama kumi na wanne, tunalima kotonii, ule mwani wenye bei. Maji yakaanza kupata joto. Mwani unageuka mweupe, unalainika, unakatika vipande. Unavuta kamba, inakuja kamba tupu. Tukaambiwa tuhamie kina kirefu kwenye maji ya baridi. Kina kirefu kinataka boti na maboya, na nusu yetu hatujui kuogelea. Tukaenda benki, siitaji. Kijana wa mikopo mpole kabisa, kauliza dhamana. Nikasema shamba. Hati iko wapi? Nikamwambia mwanangu, shamba liko baharini. Akacheka. Mimi sikucheka. Basi tukageukia ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, ambayo nne ni za wanawake. Katiba ya kikundi tumeandika, akaunti tumefungua, picha tumepiga, mtendaji kasaini. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Inarudi 2024 tumebaki watano, na wawili kati yetu wanauza vitumbua.

Pweza Mkavu: Hati ya bahari 😂 Pole mama.

Kibanio: Nakazia hapo kwenye dhamana.

Hesabu Kali: Tusilaumu tu. Hapa hapa Tanga, Februari 2024, mamlaka ya maji ilitoa hatifungani ya kijani, yaani inakopa kwa watu kwa ajili ya miradi ya mazingira, shilingi bilioni 53.12, miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Waliotaka kununua wakazidi. Mimi mwenyewe nimo, kidogo. Na Mama Mwani, benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi tangu 2019, yaani inaruhusiwa kupitisha hela za mfuko huo wa dunia. Kaulizie.

Mama Mwani: Nimekwambia shamba liko baharini.

Bwana Jodari: Hesabu, bomba la maji limeingiaje kwenye tabianchi? Biashara ya maji imevalishwa kanzu ya kijani hiyo.

Hesabu Kali: Maji unayooga yanatoka Mabayani. Mabayani inalishwa na mto Zigi, na Zigi inashuka kutoka milima ya Amani. Msitu ukiisha kule, masika unaletewa tope, kiangazi unaletewa mawe. Mkulima wa juu akipata sababu ya kuacha kingo za mto, wewe wa Ngamiani unaoga. Unataka tabianchi ipi tena?

Bwana Jodari: Na Chongoleani je? Bomba la mafuta kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu, nyie mko bize na miche.

Mdigo Asilia: Kijana wangu anakula kwa bomba hilo. Fungua uzi wako.

Bwana Jodari: Kazi naitaka na bahari naitaka. Kosa langu liko wapi?

Mwana Makorora: Nimerudi. Nilikuwa kamati ya mazingira ya mtaa. Nikaandikia kampuni moja barua, wakakubali haraka mpaka nikaogopa. Siku ilipofika likaja tenti, spika, maji ya chupa, fulana mia tatu. Miche mia mbili! Ilikuwa bamvua, maji yamejaa, topeni hakuingiliki, na mgeni rasmi kavaa viatu vya ngozi. Mvuvi mmoja mzee akasema jamani ngojeni maji yatoke. Akaambiwa mgeni ana ratiba. Wakapanda juu kwenye mchanga mkavu, na wengine wamechomeka miche kichwa chini. Picha zilitoka nzuri sana.

Kapteni Ngalawa: Hiyo afadhali. Sisi tulimsumbua diwani miezi sita ndipo tukapata boti ya doria ya mikoko na lita kumi za mafuta. Usiku mmoja, saa nane, tunasikia mashoka. Tukazima mashine, tukapiga kasia polepole. Tunakuta ngalawa imejaa boriti. Mmoja karuka majini. Wa pili kasimama na panga. Mimi nina tochi na kasia tu, mate yamekauka. Nikammulika usoni. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekula ugali kwangu jioni ile ile. Akasema, "Shem, zima tochi."

Pweza Mkavu: UKAZIMA?

Kibanio: Usituambie itaendelea kesho!

Kapteni Ngalawa: Nilizima.

Hesabu Kali: Umekosea. Sheria ya Misitu ipo tangu 2002, haina shemeji.

Kapteni Ngalawa: Njoo uoe kwetu kwanza. Boriti tulishusha zote, na yeye siku hizi yuko kwenye kamati. Tulipata mizinga ya nyuki, miwili ikaibwa. Nahisi anamjua mwizi, ila hasemi.

Mdigo Asilia: Sasa ushauri. Halmashauri nendeni mapema, hoja ianzie mkutano wa mtaa. Mwaka wa fedha unaanza Julai, ukifika Mei unakuta sahani zimeshaoshwa. Na barua igongwe muhuri, ubaki na nakala.

Pweza Mkavu: Barua ya nini? Mpelekee diwani changu wawili wa kuchoma, mzungumze.

Hesabu Kali: Ndiyo maana mizinga inaibwa.

Mama Mwani: Kapteni, hiyo boti ya doria mchana inalala?

Kapteni Ngalawa: Inalala. Kwa nini?

Mama Mwani: Tuazimeni tukajaribu kamba kumi tu kule kina kirefu.

Kapteni Ngalawa: Mafuta mtaweka?

Mama Mwani: Kwenda na kurudi lita ngapi?