Tupeane uzoefu: godoro la sponji kwa mwenye mwili mkubwa anayelala kifudifudi

Bonde la Ruvu (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu. Nina kilo 118 na usingizi wangu tangu utotoni ni wa kifudifudi. Chali silali, ubavu nikianza nao nikishapitiwa na usingizi mwili unajigeuza wenyewe. Naanzisha uzi huu kwa sababu ushauri tunaopewa madukani unamfaa mtu wa kilo 65 anayelala chali. Muuzaji anabonyeza godoro kwa kiganja, anasema "sikia lilivyo laini bosi wangu", basi biashara imeisha. Kwetu sisi ulaini huo ndio unaotuumiza.

Ukilala kifudifudi uzito wako mkubwa uko katikati, tumboni na kwenye nyonga. Godoro likibonyea zaidi pale kuliko kifuani na mapajani, kiuno kinazama, mgongo unapinda kwa ndani na unabaki hivyo hadi alfajiri. Asubuhi unainama kunawa uso, kiuno kinagoma. Wengi tunadhani ni uzee au kazi, kumbe ni kitanda.

Godoro ninalolalia sasa ni la 5x6 inchi 8, sponji ngumu tupu, halina tabaka laini juu. Nimekuwa nalo tangu enzi za korona na katikati bado halijaingia bonde. Kabla ya kulilipia niliomba tulipime kwenye mzani wa duka la mchele lililo mlango wa pili. Muuzaji alishangaa ila alikubali, wapimaji wa mchele wakatusaidia kulisimamisha. Likasoma kilo 18.

Hesabu yenyewe ni hii. Futi 5 mara 6 ni 30. Inchi 8 ni theluthi mbili za futi, kwa hiyo unapata futi za ujazo 20. Gawa kwa 35.3 upate mita za ujazo, inakuja kama 0.57. Toa kilo moja hivi ya kitambaa, zinabaki 17. Gawa 17 kwa 0.57, unapata karibu kilo 30 kwa kila mita ya ujazo. Namba hiyo ndiyo inayokuambia sponji ni nzito au ni hewa. Mimi kwa mwili wangu chini ya 28 siliangalii godoro, hata liwe limeandikwa nini ubavuni. Kwa haraka haraka: 5x6 ya inchi 8 isipofika kilo 17, au 6x6 ya inchi 8 isipofika kilo 20, iache hapo hapo.

Wenye miili mikubwa wenzangu, nyie mnalalia nini na limedumu vipi? Karibuni.

Fundi wa Keko

Mkuu umeeleza vizuri, hasa hiyo ya mzani. Naomba niongeze vitu viwili, maana mimi natengeneza vitanda na makochi na sponji nazikata kila siku.

Kwanza, uzito na ugumu ni vitu viwili. Ugumu ni namna linavyokusukuma ukililalia leo, uzito wa sponji ndio unaoamua kama mwakani litakuwa bado linakusukuma. Kuna sponji nyepesi iliyotengenezwa ngumu. Dukani inakupendeza, baada ya muda vile vitundu vyake vinakatika kwa ndani na pale unapolaza nyonga panakuwa bakuli. Na mzani nao unaweza kudanganywa, kwa sababu kuna sponji zinazochanganywa unga wa chokaa ili ziwe na kilo. Kama kava lina zipu, fungua, sugua pembe ya sponji kwa dole gumba kwa nguvu. Ukiona vumbi jeupe au chembe zinapukutika, funga zipu uondoke. Sponji nzuri inarudi mara moja ukiikamua ngumi, na haiachi kitu mkononi.

Pili ni chaga. Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Alikuja mteja, mtu wa mwili kama wako, amebadilisha godoro na bado analalamika kiuno. Nikaenda kwake, nikatoa godoro, nikaomba alale kifudifudi juu ya chaga zenyewe zikiwa na blanketi. Zile mbao za mpaini zilishuka katikati mpaka ukaona kabisa. Godoro zuri juu ya chaga zinazopinda litafuata chaga. Nilimwekea mti wa katikati kutoka kichwani hadi miguuni wenye mguu unaokanyaga sakafu, na chaga nikazisogeza ziachane kwa vidole vinne tu. Godoro hilo hilo, na malalamiko yakaisha.

Njia ya kujua nani ana kosa: vuta kamba kutoka ubavu mmoja wa godoro hadi mwingine usawa wa kiuno, pasipo mtu juu yake, upime nafasi iliyo chini ya kamba. Kisha liweke sakafuni upime tena. Bonde likibaki, godoro limechoka. Likipotea, niite mimi au fundi wa mtaani kwako.

Mama Wawili

Hili la kamba nimelifanya sasa hivi, ni chaga! Asante sana fundi.

Mimi nina kilo 96 na nalala kifudifudi pia, lakini sisi wanawake tuna jambo ambalo kaka zetu hawalitaji. Godoro gumu kabisa linabana kifua, unaamka matiti yanauma. Nilichofanya ni kununua godoro gumu la inchi 8 kisha juu nikatandika sponji laini ya inchi moja tu. Inchi moja inatosha kifua, na haitoshi kuzamisha kiuno. Dada mmoja aliweka ya inchi 3 akarudi kule kule kwenye maumivu ya mgongo.

Jingine, jamani toeni ile nailoni ya dukani! Najua tunaiacha ili godoro lisichafuke, hasa wenye watoto. Mtu mwenye mwili anatoa jasho, jasho linakaa chini ya shuka halina pa kwenda, godoro linaanza kunuka na kuota ukungu. Shona kava la kitambaa kizito lenye zipu, unalifua, basi.

Nyali Kwetu

Salaam kutoka Mombasa. Mimi niko kilo 130 na zaidi. Ndugu yangu aliniletea godoro la memori fomu kutoka ng'ambo, zuri kwa macho, bei yake usiulize. Huko kwenye baridi huenda lamfaa mtu. Huku kwetu pwani sponji ya aina ile hulegea ikipata joto, na mwili wangu wenyewe ni jiko. Nililala kifudifudi, saa nane usiku nikawa nimezama, kujigeuza ni kazi, jasho tele. Nimempa mama mkwe, yeye ni mwembamba na hulala ubavu, amelifurahia sana.

Sasa nalalia godoro ambalo chini ni sponji ya vipande, yaani vile vibaki vilivyogandishwa vikawa kitu kimoja kizito cha rangi rangi, kisha juu ina inchi mbili za sponji ya kawaida. Ni zito, kulibeba ghorofani yataka wanaume wawili. Lakini halizami. Mwenye kilo kama zangu nampendekezea aina hii bila kusita. Ila mulale juu yake dukani kwanza, maana mengine ni magumu kama sakafu. Nami nasema mulale kifudifudi hasa, dakika kumi na zaidi, si kuketi pembeni na kurukaruka. Mwenzako apitishe kiganja chini ya tumbo lako karibu na mfupa wa nyonga: kikiingia kwa taabu kidogo, sawa. Kisipoingia kabisa, umezama.

Mgeni Humu

Swali wakuu. Mume wangu ana kilo 125 analala kifudifudi, mimi nina 58 nalala ubavu. Gumu linaniumiza bega, laini linamuumiza yeye, na mimi nateleza kuelekea kwake usiku kucha. Tulale vyumba tofauti?

Fundi wa Keko

Hapana dada, msiachane kwa ajili ya sponji. Kama kitanda ni 6x6, nunueni magodoro mawili ya 3x6, unene ule ule, lako la wastani na lake gumu. Yawekwe ubavu kwa ubavu, mshonewe kava moja kubwa lenye zipu linaloyabana yote mawili ili pasiwe na mfereji katikati. Lake likichoka mapema, mnabadilisha hilo moja tu.

Zahanati ya Kijiji

Nachangia kidogo upande wa mwili. Anayelala kifudifudi mto wa kichwani uwe mwembamba sana au usiwepo, kwa sababu shingo tayari imegeuzwa upande, ukiiinua tena unaipa kazi mbili. Halafu kunja kitenge au weka mto bapa chini ya tumbo la chini, usawa wa nyonga. Hapo kiuno kinanyooka hata kwenye godoro la wastani. Na mwenye ganzi miguuni, mguu unaokosa nguvu au haja inayomtoka bila kujua, huyo asitafute godoro, aende hospitali leo.

Bonde la Ruvu (mtoa mada)

Nimesoma zote wakuu, mbarikiwe. Kuna mtu kaniuliza pembeni kama inchi 10 ni bora kuliko 8. Unene si nguvu. Inchi 8 ya sponji nzito itaishinda inchi 10 ya sponji nyepesi, na 6 kwa mtu wa zaidi ya kilo 100 naiona ndogo, nyonga zinafika kwenye chaga.

Kuhusu kulitunza, la kwangu nalizungusha kichwa kije miguuni kila mwisho wa mwezi, siku ya kodi ya nyumba ili nisisahau. Kama lako pande zote mbili ni sawa, lipindue pia. Lenye tabaka laini upande mmoja usilipindue, lizungushe tu. Lipate upepo ndani ya nyumba madirisha yakiwa wazi, usilianike juani kutwa nzima kama kapeti, jua kali linaichosha sponji.

Na risiti pamoja na karatasi ya dhamana vitunzeni, msome imeandika bonde la kina gani ndilo linalokubalika kurudishiwa. Mwenye godoro la nyuzi za makumbi ya nazi au la springi na mwili wa namna yetu, bado tunakusubiri utuambie.